Shomoro wa tano ni nyongeza

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia hapa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika ninakouza dagaa, likiwa limechelewa siku moja au mbili, na likifika lina kazi mbili. Kwanza nalisoma, halafu nafungia dagaa. Toleo la wiki iliyopita lilibaki kidogo tu liondoke na dagaa wa shilingi elfu mbili, nikaona barua ya msomaji mwenzangu kuhusu ndege katika Maandiko. Nikachana ule ukurasa nikauweka chini ya jiwe. Mteja nikamfungia kwa habari za mpira.

Ndugu yule ametupangia ndege kama dawa kwenye rafu ya duka: hua ni Roho Mtakatifu, tai ni nguvu, kunguru ni uovu, mbayuwayu ni mtu asiyetulia, shomoro ni mnyonge asiye na thamani. Kila ndege na karatasi yake kifuani. Kwa kunguru nitasema machache nipite. Eliya alipojificha penye kijito cha Kerithi, waliomletea mkate na nyama asubuhi na jioni walikuwa kunguru. Na katika Kurani kunguru ndiye aliyefukua ardhi kumwonyesha mwana wa Adamu namna ya kumsitiri ndugu yake aliyemuua. Mimi na kunguru hatupatani, kila siku ananiibia dagaa kwenye chanja mchana kweupe, lakini kumsingizia siwezi.

Nilichokusudia kusema ni juu ya shomoro.

Kwa Mathayo, sura ya 10, shomoro wawili wanauzwa senti moja. Kwa Luka, sura ya 12, shomoro watano wanauzwa senti mbili. Nikiwa msichana wa kwaya pale Mwanga nilidhani mmoja wa waandishi hawa hesabu zilimpiga chenga. Senti moja wawili, senti mbili wanne. Wa tano katoka wapi? Nilimuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili, akaniambia mtoto wa kike hapendezi na maswali mengi.

Jibu nililipata mezani, mwaka wangu wa kwanza wa biashara. Mtu akinunua fungu moja analipa, anachukua, anakwenda zake. Akinunua mafungu mawili, hata ukishamfungia haondoki. Anasimama. Hasemi kitu, anautazama mkono wako tu. Anangoja nyongeza, na usipompa atakuona mwizi ingawa bei mlikubaliana. Basi unapeleka vidole pembeni mwa beseni, kule waliko waliokatika vichwa, unabana dagaa kadiri vidole vitatu vinavyoweza kushika, unammwagia juu ya wale aliolipia. Huwahesabu. Humtazami hata mmoja. Jioni ukifunga hesabu unajua mafungu mangapi yametoka na mangapi yamebaki, lakini wale wa nyongeza hawamo kwenye daftari lolote.

Shomoro wa tano ndiye huyo.

Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti, na pembeni mwa Biblia yake aliandika kwa penseli mambo aliyofundishwa chuoni. Penye Luka 12 ameandika kwamba ile senti ni sarafu ya Kirumi iliyoitwa asarioni, na kwamba 16 kati yake zilifanya dinari moja. Dinari moja, ukisoma Mathayo 20, ni ujira wa siku wa kibarua katika shamba la mizabibu. Sasa mchukue kibarua wa kubeba magunia ambaye tuseme leo kapata shilingi 8,000, gawanya kwa 16. Shomoro wawili ni shilingi 500. Watano ni 1,000. Hiyo ni bei ya mboga, Mhariri, na ni mboga ya mtu asiyeweza kununua kondoo. Ndege wale hawakuuzwa wakaimbe kwenye tundu la tajiri. Waliliwa. Kaka zangu walikuwa wakiwanasa kwa ulimbo kwenye michikichi, wanawachoma kwenye spoku ya baiskeli, na wote waliokuwapo mnajua mnavyogombania nyama isiyojaza kijiko.

Mwaka 2024 ziwa letu lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike, wachache waliokuwa na akiba ya dagaa wakavu tuliuza kwa kubana. Bei ilipanda, watu wakanung'unika kidogo wakanunua. Nilichoshangaa ni kwamba ugomvi hasa haukuwa wa bei. Ulikuwa wa nyongeza. Mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa miaka, alisimama mbele ya meza mpaka nikaona aibu, halafu akaniambia, "Mwenzangu, leo hata wa juu hakuna?" Nikamwambia hakuna. Sisi wawili tukawa hatuongei mpaka Septemba kwa sababu ya dagaa ambao, ukiwapima, hawafiki uzito wa barua hii.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na ndugu yule. Yesu alikuwa anazungumza na watu wa sokoni, na aliposema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu, waliomsikia walimjua yule asiyehesabiwa. Wanne wamelipiwa, muuzaji anawakumbuka kwa sababu ya fedha. Wa tano hana mtu. Kusema "shomoro ni ishara ya kitu kisicho na thamani" ni kusoma kibao cha bei na kuacha sentensi inayofuata.

Tena ishara yenyewe humshika anayemjua ndege. Zaburi ya 102 ina mtu anayekesha, anajifananisha na shomoro aliye peke yake juu ya nyumba. Nenda kaangalie bati la nyumba yako asubuhi. Hawa wetu wenye kichwa cha kijivu huja wawili, watatu, kumi, kelele tupu, wanagombana kama wake wenza. Shomoro mmoja, kimya, juu ya paa, ni jambo ambalo halijakaa sawa. Baada ya arobaini ya mume wangu, jamaa walipokwisha kurudi Kasulu na sufuria za kuazima zikarudishwa, niliisoma zaburi hiyo na sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Pembeni mwa Walawi 14 mume wangu hakuandika kitu. Sura ile niliijua kabla sijamjua yeye.

Bibi yangu mzaa mama alipata ukoma mimi bado sijazaliwa. Alimeza dapsoni miaka mingi, akapona, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshajikunja na havikunyooka tena. Kanisani alikuwa na kigoda chake karibu na mlango, peke yake. Mganga alipotangaza kwamba ugonjwa umekwisha, kigoda hakikusogezwa. Hakuna aliyemkataza kukaa mbele. Ni kwamba hakuna aliyemwita. Hakujua kusoma. Mimi nilipofika darasa la nne na kuanza kusoma bila kufuata kwa kidole, akaniambia nimsomee pale penye ndege wawili, na tangu siku hiyo sikumsomea pengine.

Wasioijua sura ile, ni sheria ya kumtakasa mtu aliyepona ukoma. Kuhani anatoka nje ya kambi kumwendea, maana yeye bado hawezi kuingia. Wanaletwa ndege wawili walio hai, na mti wa mwerezi, na sufu nyekundu, na hisopo. Ndege mmoja anachinjwa katika chombo cha udongo juu ya maji ya mto. Yule wa pili, aliye hai, anachovywa katika damu ya mwenzake pamoja na vile vitu vingine, na aliyepona ananyunyizwa mara saba. Kisha yule ndege anaachiwa aende zake kondeni.

Nikifika hapo bibi alikuwa anauinua ule mkono wa kushoto mpaka usawa wa bega, halafu anaufungua. Yaani anaufungua kadiri ulivyofunguka, vidole viwili vikibaki vimejikunja. Anakaa hivyo kidogo. "Wangu hawajamwachia," anasema kwa Kiha, na tunaendelea na mambo ya jioni, kupepeta maharage au kuwasha moto. Alifariki kigoda kikiwa palepale mlangoni.

Sheria ile haitaji jina la ndege. Yeyote aliye safi, basi. Mume wangu aliniambia neno la Kiebrania lililotumika pale ndilo lililotafsiriwa shomoro kwenye Zaburi, na kwamba ni neno la kidege chochote, na hata mke wa Musa, Sipora, jina lake ndilo hilohilo. Alicheka akasema Musa alioa Ndege. Ningependa msomaji mwenzangu anijulishe, yule wa bibi yangu tumbandike karatasi gani kifuani.

Sasa nifikie kilichonifanya nishike kalamu badala ya kununa tu.

Kanisani kwetu (silitaji, tunajuana) mbayuwayu wanajenga chini ya dari, upande wa madirisha. Siyo wale wageni wa Oktoba wanaotoka Ulaya, wanaojipanga kwenye nyaya za umeme na kuondoka Machi au Aprili. Wale ndio ninaowakumbuka nikisoma Yeremia 8, anaposema mbayuwayu anajua wakati wake wa kuja na watu wa Mungu hawajui. Hawa wa kanisani ni wenyeji wenzetu: kichwa rangi ya matofali, kifua cheupe chenye michirizi kama kimechorwa na penseli, kiota cha tope chenye mlango mrefu kama shingo ya kibuyu. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi, na mmoja wa ndege hao akaliachia palepale juu ya bega la suti ya mgeni mkubwa. Wazee wakakaa kikao. Jumamosi iliyofuata vijana wa usafi wakaja na upondo wa mtumbwi.

Nilikuwa napiga deki. Kiota cha kwanza kilianguka karibu na ndoo yangu. Kilikuwa na mayai matatu meupe. Mawili yalipasuka, moja likabingirika mpaka chini ya benchi la kwaya. Nikaokota kipande cha kiota. Ni vidonge vidogo vya tope, kila kimoja kama harage, kimepachikwa juu ya kingine, na ukikigeuza unaona kila kidonge kimebonyezwa mdomo ukiwa bado ndani yake. Ndani wametandika manyoya ya kuku. Halafu nikaona tope linametameta. Nikalisogeza dirishani. Ni magamba ya dagaa, Mhariri. Walikuwa wakilichota kwenye dimbwi la bomba ninapooshea mabeseni yangu, na mimi nilikuwa nawaona pale kila asubuhi nikidhani wanakunywa maji.

Kesho yake zaburi ya siku ilikuwa ya 84. Sibuni, orodha ya masomo ilitoka tangu mwanzo wa mwaka na imebandikwa mlangoni. Tukasoma wote kwa sauti: "Maskani zako zapendeza kama nini, Ee Bwana wa majeshi." Tukafika mahali pa shomoro kuona nyumba, na mbayuwayu kujipatia kioto alipoweka makinda yake, kwenye madhabahu. Mhubiri akatufafanulia kwamba mbayuwayu ni nafsi ya muumini inayotamani mbingu. Alihubiri vizuri, sitamnyima haki yake. Wakati anahubiri, wale wawili waliovunjiwa waliingia kwa dirisha la tatu, kila mmoja na donge la tope mdomoni, wakalibandika kwenye ile duara iliyobaki ukutani, wakatoka, wakarudi, wakabandika. Nilihesabu safari kumi na moja mpaka sadaka. Watu walikuwa wanaandika kwenye madaftari yao kwamba mbayuwayu ni nafsi ya muumini.

Mume wangu ana neno la penseli hapo pia: huyo mbayuwayu wa zaburi ni "derori" kwa Kiebrania, na neno kama hilohilo linatumika Walawi 25, mwaka wa yubile, kwa kuachiwa huru watumwa. Wazee wetu wameamua kupiga upondo hilo.

Jumatatu nilimsimulia mwenzangu wa meza ya pili. Ni mama wa Kiislamu wa Ujiji, na mimi na yeye tunaitana Somo, kwa kuwa yeye ni Mariamu na mimi ni Maria. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua, akatoa changarawe, ndipo akasema kwao kuna hadithi. Mtume na masahaba walikuwa safarini. Masahaba wakamwona ndege ana makinda mawili, wakayachukua makinda. Mama yao akaja anapiga mbawa juu yao. Mtume, aliyekuwa ameondoka kidogo kwa haja yake, aliporudi akauliza ni nani aliyemsumbua huyu kwa wanawe, akaamuru warudishiwe. Kisha Somo akanisomea aya ya 41 ya sura ya Nuru, kwamba walioko mbinguni na ardhini wanamtakasa Mwenyezi Mungu, na ndege wakiwa wamekunjua mbawa zao, na kila mmoja anajua sala yake na tasbihi yake. "Sasa nyinyi," akaniambia, "mmewavunja wakiwa kwenye sala."

Sikuwa na la kumjibu. Torati ya Musa haiendi mbali kama hadithi yake, lazima niseme ukweli. Kumbukumbu la Torati 22 inamruhusu mtu kuchukua makinda. Inachomkataza ni kumchukua mama pamoja nao, inamwambia amwache mama aende zake apate heri na siku nyingi. Ni amri ndogo sana, mistari miwili, iko kati ya punda aliyeanguka njiani na ukuta wa kuzungushia paa la nyumba mpya ili mtu asianguke. Lakini aliyeitoa ni yeye aliyetoa zile nyingine, na sijaona mahali alipoandika kwamba haihusu kamati za usafi.

Kuhusu kuimba kwao, ambako ndugu yule amekuandikia kwa maneno matamu, mimi sina mengi. Zaburi ya 104 inasema ndege hukaa kando ya chemchemi na kutoa sauti zao katikati ya matawi, na hapo hatajwi mtu wa kuwasikiliza. Mitumbwi inaporudi alfajiri na taa bado zinawaka ziwani, shore anakuwa ameshaanza kwenye mwembe wa nyuma ya vichanja. Anaanza kabla hatujaamka kuwa wateja wake.

Ombi langu kwa wazee, kwa kuwa najua wanasoma gazeti hili, ni dogo. Viota vimebaki viwili. Kimoja kina makinda, yanasikika ukisimama dirisha la kwanza. Wiki tatu au nne yatakuwa yameruka. Kingine ndicho kile kinachojengwa upya, kimefika nusu. Suti ya mgeni haina haja ya upondo. Chini ya kiota unapigilia ubao, upana wa viganja viwili, uchafu unaanguka juu ya ubao, na kila Jumamosi mtu anapanda ngazi anaufuta. Kufuta nitafuta mimi, ngazi naiweza bado. Misumari nimenunua. Ubao ni kipande cha mtumbwi mbovu, nimeukwangua lami yote, hautachafua ukuta. Uko chini ya meza yangu hapa Kibirizi, umefunikwa na gunia. Atakayetumwa kuuchukua aje kabla ya saa nne, maana dagaa wakiisha huwa nimeshaondoka. Na akinunua mafungu mawili, nyongeza ipo.

Wenu,
Muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma